Redio Ndogo Isiyosikika Vema, na Jinsi ya Kuilinganisha

Tumeona yafaa safari hii kuwaeleza wasomaji wetu habari za redio ndogo ya mkononi, ile ipokeayo masafa ya kati, kwa kuwa vijijini mwetu redio ni nyingi bali zisikikazo vema ni chache. Aghalabu mtu hununua redio nzima, akaisikiliza mwaka mmoja au miwili kwa furaha, kisha sauti huanza kufifia, stesheni zikahama mahali pake katika ubao wa namba, na mwishowe husikika mvumo tu kama wa nyuki mzingani. Wengine huitupa. Wengine huipeleka kwa fundi, naye huibadili betri na kudai fedha. Wengine, na hao ndio tuwaogopeao zaidi, hushika bisibisi wenyewe. Sisi tulikuwa katika hao wa mwisho, na heri tuanze kwa kukiri kosa letu.

Zamani kidogo tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya kijijini. Redio ilikuwa moja tu, mali ya shule, na jioni wazee walikuja kuketi barazani kusikiliza taarifa ya habari, bei ya mazao, na matangazo ya mvua. Stesheni yenyewe ilikuwa mbali, na sauti yake ikaanza kupungua siku baada ya siku. Basi tukaifungua ile redio. Ndani tukaona skrubu ndogo ndogo, nyingine nyuma ya kitasa cha kutafutia stesheni, nyingine juu ya vikopo vya bati vyenye rangi nyekundu, manjano, nyeupe na nyeusi. Tulijua kuwa redio ile ilikuwa ikichukuliwa kwa baiskeli katika njia ya mawe, tukakata shauri kwamba skrubu zimelegea kwa mtikisiko. Tukazikaza zote, moja baada ya moja, mpaka zikagoma. Redio ikawa bubu kabisa.

Saa ya habari ilipofika watu walikuwa wamekwisha keti. Ilitubidi kusimama mbele yao na kusema kwamba tumeiharibu. Mzee mmoja alituuliza kwa upole, "Mwalimu, zilikuambia kwamba zimelegea?" Hatukuwa na jibu. Msimu ule watu walipanda kwa kukisia, na habari za bei walizipata kwa midomo ya wachuuzi, ambao wana sababu zao za kutosema kweli.

Fundi tuliyempelekea redio alituuliza neno moja tu: kila skrubu tuliizungusha mara ngapi? Hatukuhesabu. Akatikisa kichwa, akatuketisha, na yaliyo chini hapa ni yale aliyotuonyesha, pamoja na yale tuliyojifunza baadaye.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba skrubu zile hazifungi kitu. Ni kama vigingi vya udi au vya zeze. Mpiga zeze hakazi kigingi kwa kuwa kimelegea, hukizungusha kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka uzi utoe sauti itakiwayo. Na akikaza nyuzi zote mpaka mwisho, zeze halipigiki tena.

Ili kuelewa skrubu hizo zalinganisha nini, hatuna budi kueleza kidogo jinsi redio ifanyavyo kazi. Kila stesheni hupeleka mawimbi yake kwa idadi maalum ya mitetemo kila sekunde, na idadi hiyo huhesabiwa kwa kilohezi, yaani maelfu ya mitetemo. Hapa Afrika stesheni za masafa ya kati zimepangwa kuanzia kilohezi 531 mpaka 1602, kila moja ikiachana na jirani yake kwa kilohezi 9. Mpango huo ulipatanwa Geneva mwaka 1975, ukaanza kutumika mwaka 1978. Kwa hiyo ukitajiwa namba ya stesheni ya huku, igawe kwa 9. Isipogawanyika sawasawa, jua kwamba aliyekutajia amekosea. Marekani wao huachanisha stesheni zao kwa 10, na ndiyo maana redio yenye kuonyesha namba, ikiletwa kutoka huko, mara nyingi huwa na kidude cha kubadili hesabu kutoka 10 kwenda 9.

Hapo kale redio ilijaribu kuchuja stesheni moja kati ya nyingi na kuikuza vivyo hivyo ilivyo, na kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana kila stesheni yataka chujio lake. Mwaka 1918 Edwin Armstrong, Mmarekani aliyekuwa ofisa wa jeshi huko Ufaransa, alibuni njia nyingine, na redio zetu karibu zote zafuata njia hiyo hata leo. Ndani ya redio mna mtambo mdogo, uitwao osileta, unaozalisha mawimbi yake wenyewe. Mawimbi hayo huchanganywa na yale ya stesheni, na katika mchanganyiko huo hutokea mawimbi ya tatu, ambayo idadi yake ni tofauti ya yale mawili. Sisi tutayaita masafa ya ndani. Katika redio nyingi masafa ya ndani ni kilohezi 455. Mathalan, ukitaka stesheni ya 900, osileta hutetema kwa 1355, na tofauti yake ni 455. Ukitaka ya 612, osileta huenda 1067, na tofauti ni 455 vile vile. Basi redio haihitaji machujio mengi. Yahitaji kujua vizuri namba moja tu, na vile vikopo vya manjano, vyeupe na vyeusi ndivyo vinavyoichuja namba hiyo.

Twasema redio nyingi, maana si zote. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1 ya Marekani ya mwaka 1954, ilitumia masafa ya ndani ya kilohezi 262. Kama karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko yataja namba nyingine, ifuateni hiyo.

Basi mapatano yatakiwayo ni matatu. Vikopo vyote vipatane juu ya 455. Osileta ipatane na ubao wa namba, ili mshale ukiwa kwenye 900 isikike stesheni ya 900. Na antena ya ndani ipatane na osileta, ili zote mbili zitafute stesheni ile ile kwa wakati mmoja. Mapatano ya kwanza yakivunjika, redio huwa bubu au hupokea stesheni mbili pamoja. Ya pili yakivunjika, stesheni huonekana mahali pasipo pake. Ya tatu yakivunjika, kila kitu huwa mahali pake lakini sauti ni dhaifu, na ugonjwa huu ndio ulio mwingi kuliko yote.

Lakini kabla hujafungua redio, hakikisha kwamba ni mgonjwa kweli. Betri iliyochoka hudhoofisha osileta, na mara nyingi stesheni za namba ndogo, upande wa 600, ndizo hunyamaza kwanza, hata mtu akadhani kuwa redio imeharibika. Weka betri mpya zote pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Vibati vinavyogusa betri vikiwa na ukungu mweupe au wa kijani, vipanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha vikauke kabisa.

Tena itazame nyumba yako. Siku hizi adui mkubwa wa masafa ya kati yumo chumbani mwetu wenyewe. Chaja za simu, taa nyingi za LED, na mashine za kuongozea umeme wa jua hutoa mvumo unaoweza kufunika stesheni ya mbali. Zima kimoja kimoja huku redio ikilia, utamtambua mkosaji. Paa la mabati nalo huzuia mawimbi. Ichukue redio dirishani au chini ya mti, usikilize tofauti. Tumeona redio zilizotukanwa miezi mingi zikaimba vizuri zilipotolewa uani.

Na iko habari ya kuigeuza. Ndani ya redio ndogo mna kijiti cheusi kama makaa, kigumu na chepesi kuvunjika, kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho huitwa feraiti, nacho ndicho antena ya masafa ya kati. Ile fimbo ya chuma inayovutwa nje si kwa kazi hii, ni ya FM au ya masafa mafupi. Kijiti hicho hupokea vema kwa ubavu, na kwa ncha hakipokei karibu kitu. Kwa hiyo igeuze redio polepole kama mtu atafutaye upepo, na utakuta mahali sauti inapozidi na mahali inapokufa. Hata mahali inapokufa pana faida. Ukiwa na stesheni mbili zinazogongana, elekeza ncha ya kijiti kwa ile usiyoitaka.

Usihukumu pia kwa usiku peke yake. Mchana, tabaka la chini la anga la juu linalochochewa na jua humeza mawimbi ya kati, na stesheni za karibu tu ndizo husikika. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi hupanda juu zaidi na kurudishwa chini, na stesheni zilizo umbali wa mamia ya maili hufika. Redio inayopokea miji ya mbali usiku na kunyamaza mchana huenda haina ugonjwa wowote. Kazi ya kulinganisha ifanyeni mchana, wakati stesheni haipandi na kushuka.

Ikiwa baada ya hayo yote redio ingali dhaifu, haya, ifungueni. Kama ndani mna chipu moja tu na hamna vikopo vya rangi, yaelekea ni ya namna mpya inayofanya hesabu zake yenyewe, wala haina cha kulinganishwa, ifungeni tena. Kama vikopo vipo, tayarisheni bisibisi isiyo ya chuma. Chuma kikikaribia koili huibadili, hata ukadhani umelinganisha, kumbe ukiondoa mkono kila kitu kimehama. Tena kiini kilicho ndani ya kikopo ni feraiti, na bisibisi ya chuma hukipasua, kisha hakizunguki tena. Ubao wa mwanzi uliokauka, au mpini wa mswaki uliochongwa na kusuguliwa jiweni mpaka ukawa bapa, wafaa kabisa.

Kabla ya kugusa skrubu yo yote, ichoreni karatasini, mwandike alama imeelekea wapi, na kila mzunguko mwuandike. Laiti tungalifanya hivyo!

Vikopo vya masafa ya ndani, ikiwa hapana mtu aliyevigusa tangu kiwandani, viacheni. Havihami sana kwa umri. Ikiwa vimeguswa, tafuteni stesheni yo yote inayosikika hata kidogo, mwanzie kikopo cheusi, kisha cheupe, kisha cha manjano, mkizungusha kila kimoja chini ya robo ya mzunguko huku na huku mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote. Rangi hizi ni desturi ya redio za mtindo wa Kijapani, na wengine wamezifuata; si sheria. Rudieni mara mbili au tatu.

Hapa pana mtego ambao wengi wamenaswa. Redio ina njia ya kujipunguzia nguvu yenyewe stesheni ikiwa kubwa, ili isipige kelele. Basi ukilinganisha kwa stesheni yenye nguvu, sikio halitajua kilele kiko wapi, maana redio inakusawazishia. Chagueni stesheni dhaifu. Na kama hamna, igeuzeni redio mpaka ile yenye nguvu iwe karibu kufa, ndipo mlinganishe. Sauti ipunguzweni, sikio likae karibu, na watoto waambiwe wanyamaze.

Kisha osileta. Hiyo ina sehemu mbili za kurekebishwa: kikopo chekundu kwa upande wa namba ndogo, na skrubu ndogo nyuma ya kapasita ya kutafutia stesheni, iitwayo trima, kwa upande wa namba kubwa. Tafuteni stesheni mbili mnazozijua namba zake, moja karibu na 600, ya pili karibu na 1400. Wekeni mshale mahali panapopasa kwa ile ndogo, mzungushe kiini cha kikopo chekundu mpaka stesheni ije yenyewe. Nendeni kwa ile kubwa, mweke mshale pake, mzungushe trima mpaka nayo ije. Rudini chini, mtakuta imehama kidogo; irekebisheni; pandeni tena. Mara tatu au nne, kila safari kosa likipungua, mpaka zote mbili zikae. Asiyekuwa na subira ya kurudia asianze.

Huenda mkasema, sisi kwetu hakuna stesheni hata moja karibu na 600. Fundi wetu alituonyesha njia ambayo twaona ni nzuri mno, maana haihitaji chombo ila redio ya pili iliyo nzima. Osileta ya kila redio huvujisha mawimbi kidogo, na redio iliyo jirani huyasikia. Ikiwa mshale wa redio mgonjwa uko kwenye 600, osileta yake yapasa kuwa kwenye 1055. Basi wekeni redio nzima kando yake, zikigusana, muizungushe polepole karibu na 1055. Mahali ambapo mvumo unanyamaza ghafula, au inaposikika mluzi juu ya stesheni, hapo ndipo ilipo ile osileta. Ikinyamaza kwenye 1020, osileta iko chini kwa 35. Zungusheni kikopo chekundu mpaka ihamie 1055. Kwa njia hii mtaweza kwenda hadi 1100 hivi, maana 1100 na 455 ni 1555, na juu ya hapo ubao wa redio nzima unakaribia kwisha. Ikiwa redio nzima ni ya kuonyesha namba kwa tarakimu, kazi ni rahisi zaidi.

Sasa antena. Ile koili iliyo juu ya kijiti cha feraiti imeshikwa kwa nta ili isihame. Na nta hiyo, redio ikiachwa juani au juu ya dashibodi ya gari, huyeyuka, koili ikateleza, na redio ikapoteza nguvu bila mtu kuigusa. Hivyo ndivyo ilivyoanza redio yetu ya shule kudhoofika. Kasoro ilikuwa moja, ya upana wa kidole, nasi tukaiongezea nyingine kumi.

Tafuteni stesheni dhaifu karibu na 600, msukume koili polepole juu ya kijiti mpaka sauti iwe kubwa. Msiisukume kwa ukucha. Waya ule ni nyuzi nyingi nyembamba kama unywele zilizosokotwa pamoja, na zikikatika hata chache nguvu hupungua, wala jicho halioni. Kisha nendeni karibu na 1400, mzungushe trima ya antena, iliyo jirani ya ile trima ya osileta, mpaka sauti iwe kubwa. Rudieni chini na juu kama mlivyofanya kwanza.

Kujua kama antena imelingana pasipo kuigusa, iko njia. Chukueni kipande cha feraiti kutoka redio iliyokufa, na kipande cha shaba nyeupe, pete au ufunguo. Karibisheni feraiti kwenye koili: sauti ikizidi, koili yataka kusogezwa katikati ya kijiti. Karibisheni shaba: ikizidi, koili yataka kusogezwa kwenye ncha. Ikiwa vyote viwili huipunguza sauti, imekwisha lingana, iacheni. Fundi wetu alikuwa amefunga vipande hivyo huku na huku kwenye ncha za kalamu kuukuu, naye hakuichukulia bisibisi redio ya mtu kabla ya kuijaribu kwa kalamu ile.

Kwa walio mbali sana na stesheni, redio iliyolinganishwa vema bado yaweza kusaidiwa. Pigeni mbao msalaba, mzungushie waya mraba wa ubavu wa sentimita 60, mizunguko 12 hadi 16, ambayo itakula waya wa mita 30 hadi 40. Ncha mbili za waya zifungeni kwenye kapasita ya kutafutia stesheni iliyotolewa katika redio iliyokufa. Waya huo haufungwi kwenye redio mahali po pote. Isimamisheni fremu karibu ya redio, kijiti cha feraiti kikikingama na bapa lake, mzungushe kapasita: kwenye namba moja stesheni itaruka juu kama mtu aliyeingia chumbani. Mizunguko ikiwa michache mno, fremu haitafika upande wa 600. Ongezeni mmoja mmoja.

Kazi ikiisha, dondosheni tone la nta ya mshumaa juu ya koili ya antena na tone dogo juu ya kila trima, mwandike tarehe ndani ya kifuniko. Fundi wetu alituchukulia mchana kutwa kuirudisha redio ya shule, karibu muda wote huo akivitafuta vikopo vitatu ambavyo tulivikaza kwa nguvu zetu zote, na kimoja kati yake kilikuwa kimepasuka, akatoa kingine katika redio kuukuu. Fedha aliyotudai ilikuwa kidogo kuliko bei ya betri tulizokwisha kuzinunua bure.